Kompyuta wa Zamu

Hadithi hii ilipangwa kuanza saa tatu kamili asubuhi, lakini Mgeni Rasmi amechelewa. Sasa ni saa saba na nusu, jua limetuchoma vya kutosha, na mshereheshaji ametuomba radhi mara nne kwa usumbufu mdogo uliojitokeza. Basi tuanze tu, jamani. Akija atatukuta njiani.

Palikuwa na nchi. Jina lake halitajwi, si kwa woga, hasha, ila kibali cha kulitaja kiliombwa mwaka juzi na faili liko mezani kwa mtu aliye safarini. Itoshe kusema ni nchi nzuri, yenye amani, mito na wizara arobaini na moja. Tena ni nchi ya utaratibu: hakuna kitu kinachotumika kabla hakijazinduliwa. Daraja likijengwa, watu huendelea kuvuka mtoni maji kiunoni, wakilitazama daraja lao kwa upendo, mpaka siku Mgeni Rasmi atakapofika na mkasi. Kisima kikichimbwa hufungwa utepe. Choo cha shule moja kilikaa na utepe muhula mzima. Hayo tuyaache, watoto wale walivumilia sana.

Katika nchi hiyo palikuwa na binti aitwaye Kalunde Ngasa, na kosa lake la kwanza lilikuwa kufaulu mtihani. Akachaguliwa kwenda Chuo Kikuu cha Taifa kusomea Shahada ya Usanifu wa Mwingiliano. Shahada hiyo ilianzishwa baada ya Waziri wa Vitufe na Maendeleo, Mheshimiwa Makeke, kutembelea nchi jirani na kukuta wanayo, akarudi na wivu wa kizalendo. Mtaala wake ulieleza kwamba hii ni taaluma ya kuhakikisha mtu akibonyeza kitu anajibiwa, akijibiwa anaelewa, na akikosea anaambiwa kakosea wapi bila kutukanwa. Kwa nchi ile maneno hayo yalikuwa uchochezi mtupu. Bahati nzuri hakuna kiongozi aliyeusoma mtaala, kwa hiyo ulipitishwa kwa kauli moja.

"Hicho unachokwenda kusomea ndiyo nini, mama?" Bi Nyamizi alimuuliza bintiye wakati wanafunga begi.

"Usanifu wa mwingiliano, mama."

"Nimesikia. Lakini ndiyo nini?"

Kalunde akafikiri. "Ni mambo ya vitufe, mama. Namna mtu anavyobonyeza, na kile kitu kinavyomjibu."

Bi Nyamizi aliitikia kwa heshima, kisha akawaambia majirani kuwa bintiye anakwenda kusomea redio. Majirani walielewa, wakampongeza.

*

Maabara Namba Moja ya chuo ilikuwa jengo zuri kuliko yote. Kompyuta arobaini zilikuwa zimeletwa kwa lori lililopigiwa matarumbeta, zikaingizwa ndani, mlango ukafungwa, na utepe mwekundu ukapitishwa kutoka nguzo hii hadi ile. Uzinduzi ulipangwa Jumamosi. Jumamosi ile Mheshimiwa Makeke akapata udhuru. Ukapangwa tena, akawa ng'ambo kwenye semina ya uzinduzi. Kufikia mwaka wa nne wa masomo ya Kalunde, uzinduzi ulikuwa umeahirishwa mara kumi na moja, na utepe wenyewe ulikuwa umepauka ukabadilishwa mara mbili kwa zabuni ya wazi.

Mlangoni aliwekwa mlinzi, Mzee Sudi, mtu mwaminifu sijapata kuona. Kila asubuhi aliupangusa utepe vumbi kwa kitambaa laini, akarudi nyuma hatua tatu, akaupigia saluti.

"Shikamoo, Mzee Sudi," Kalunde humwamkia. "Leo je?"

"Marahaba, mwanangu. Leo bado. Lakini utepe hali yake nzuri."

Sasa mtu atauliza, wanafunzi wa vitufe wasio na vitufe walisoma nini? Ndipo mjue kwamba taabu ni mwalimu. Mkuu wa idara, Dakta Shekiondo, aliwasomesha kwenye ukumbi wa nje, kwa karatasi za manila. Mwanafunzi alichora skrini kwa kalamu ya wino mzito, akachora na vitufe. Mwenzake alibonyeza karatasi kwa kidole. Na nyuma ya meza alikaa mwanafunzi wa tatu, huyo ndiye kompyuta wa zamu. Kazi yake ilikuwa kunyamaza, kutazama kidole kimegusa wapi, kisha kutoa manila nyingine yenye jibu. Haruhusiwi kucheka, kueleza wala kukonyeza. Huko ughaibuni, alisema Dakta, wabunifu wakubwa huanza hivyo kwa wiki moja. "Sisi tumekwenda mbali zaidi," akaongeza. "Tumeanza hivyo kwa miaka minne."

Kompyuta bora wa darasa alikuwa Kitwana. Zamu ilizunguka kwa watu wote lakini mwisho ikamwangukia yeye, maana alikuwa na uso usiosema kitu na mikono mepesi. Alikuwa na kasi ya ajabu kabla ya chakula cha mchana. Baada ya chakula alikuwa mzito kidogo, na akishiba ugali wa maharage alikwama kabisa, ikabidi wamnyunyizie maji aanze upya. Alipougua malaria, chuo kizima kilitangaziwa kwamba mtandao uko chini kwa siku tano.

Nanyi msicheke. Kwa Kalunde hayakuwa mchezo. Alijifunza pale pale kwenye manila kwamba mtu anayeuliza yuko peke yake, ana wasiwasi, na anataka jibu moja lililonyooka. Jibu lisimame lenyewe, aliwaambia wenzake, hata mtu akilikata akaenda nalo nyumbani lieleweke. Kwa hiyo hakuandika NDIYO au HAPANA tu kama wengine. Aliandika sentensi nzima, kwa herufi kubwa. Wenzake walisema anamaliza wino.

Alikuwa na sababu yake.

*

Mama yake alikuwa anapoteza macho. Mtoto wa jicho, alisema mganga wa zahanati. Jambo dogo, upasuaji wa nusu saa, aende kwa daktari wa macho hospitali ya wilaya. Bi Nyamizi akadamka alfajiri, akatembea, akafika dirishani. Karani hakuinua uso.

"Njoo Jumatatu."

Alikwenda Jumatatu. Akaambiwa aje Jumatatu. Kwa kuwa ni mtu wa heshima, hakuuliza Jumatatu ipi.

Kwa nini asiende Hospitali ya Taifa? Ah, hapo pana Waraka Namba Kumi na Saba. Waraka ulisema mgonjwa wa wilayani hatapokelewa Hospitali ya Taifa mpaka awe na barua ya daktari wa wilaya, au, kama daktari huyo hayupo, awe na uthibitisho wa maandishi kutoka kwa mwenye mamlaka kwamba hayupo. Waraka mzuri, umefikiriwa. Kasoro yake moja tu: hakuna mtumishi wa nchi ile aliyewahi kuandika kwamba mtumishi mwenzake hayupo. Akiandika hivyo, ataulizwa yuko wapi, na yeye mwenyewe alikuwa wapi siku zote hizo. Salama ni Jumatatu.

Bi Nyamizi alikwenda Jumatatu thelathini na moja. Jumatatu ya kwanza alisoma bango la hospitali. Jumatatu ya kumi na tano aliona kwamba pana bango. Jumatatu ya thelathini na moja alimuuliza mtu aliyemshika mkono, "Hivi lile bango lao walilitoa?"

Bango lilikuwapo. Aliyetoka ni daktari. Kalunde alikuja kulijua hilo likizo ya mwaka wa tatu, alipompeleka mama yake mwenyewe na kumbana mfagiaji pembeni. Mfagiaji alitazama huku na huku, akanong'ona kwamba daktari wa macho alihamishwa miaka miwili iliyopita, na chumba chake sasa kinahifadhi mabati ya ukarabati. "Lakini mimi sijasema," akamalizia, akaendelea kufagia.

Kalunde alilia njia nzima, asithubutu kumwambia mama yake kwamba hakuna daktari. Kisha hasira ikampa kazi: mradi wake wa kumalizia shahada ukawa mfumo mmoja tu, mwepesi. Mtu anabonyeza, anachagua hospitali, anauliza daktari fulani yupo? Anajibiwa yupo au hayupo. Basi. Jumatatu haikuwamo hata kwenye orodha ya majibu.

*

Mwaka wa nne lilikuwapo somo la Maandalizi ya Ajira. Dakta Shekiondo alilifundisha mwenyewe, akiwa amevaa koti zito katikati ya joto, maana alisema msomi hufa na tai shingoni. Walifundishwa kukaa kwenye benchi la kusubiri mgongo ukiwa wima. Walifundishwa kubisha hodi kwa unyenyekevu usiozidi mara mbili. Walifundishwa kusema "nitashukuru" kwa toni tatu tofauti kulingana na cheo cha anayekunyima.

Wiki ya tano Dakta akaja na gazeti, analipunga kwa furaha. Serikali imetangaza ajira! Ofisa Mwingiliano Daraja la Tatu, Wizara ya Vitufe na Maendeleo. Nafasi moja. Sifa za mwombaji: awe na shahada ya Usanifu wa Mwingiliano, awe na uzoefu wa miaka kumi, na asizidi umri wa miaka ishirini na mitano.

Kitwana aliinua mkono. "Dakta," akasema, "shahada yenyewe ina miaka minne."

"Ndiyo maana wametafuta mtu wa kipekee," alisema Dakta. "Msikate tamaa. Subira yavuta heri. Kwanza uzoefu mnao. Andikeni kwenye wasifu wenu: uzoefu wa miaka minne katika kusubiri maabara. Huo ni uzoefu wa serikalini kabisa."

Kalunde alilikata tangazo lile akalibandika juu ya kitanda chake. Aliitaka ile kazi kuliko alivyowahi kutaka kitu. Mtu akiwa ndani ya wizara, aliwaza, hakosi kumjua mtu anayemjua mtu wa kuandika barua. Barua moja tu, na mama yake aone.

*

Jumatatu moja, na kweli ilikuwa Jumatatu, ujumbe ukafika kwamba Mheshimiwa Makeke atakuja Alhamisi. Atazindua maabara, na humo ndani atazindua mfumo uliobuniwa na mwanafunzi, ili taifa lione. Dakta Shekiondo aliketi chini ukumbini. Alipopata nguvu alimwita Kalunde na Kitwana.

"Mfumo wako ndio utakaoonyeshwa. Inabidi uwekwe kwenye kompyuta za ndani."

"Basi tufunguliwe leo, Dakta, tuzijaribu."

"Kufunguliwa! Kabla ya utepe?" Dakta alimtazama kama aliyetukana.

Wakakubaliana wachungulie dirishani, upande wa nyuma, ambako katika miaka minne hakuna aliyewahi kufika kwa kuwa sherehe ingekuwa mbele. Wakazunguka jengo. Dirisha halikuwapo. Fremu ya dirisha haikuwapo. Ukuta wenyewe ulikuwa umebomolewa vizuri, kwa upana wa lori. Kompyuta arobaini, meza, viti, nyaya, hata soketi za ukutani, vyote vilikuwa vimekwenda. Ndani alikuwa amesimama mbuzi mmoja akitafuna mwongozo wa matumizi.

Mzee Sudi aliitwa. Alikuja, akatazama, akasikitika kwa dhati.

"Mzee, si ndiwe mlinzi?"

"Mlinzi ndiye mimi, Dakta." Akatoa barua yake ya ajira kutoka mfuko wa shati, imekunjwa kwa usafi. Kazi: Mlinzi wa Utepe. "Na utepe haujaguswa. Nendeni mkautazame."

Walikwenda wakautazama. Haujaguswa.

Dakta Shekiondo alitembea mara saba kuzunguka mbuzi. Aliporudi, macho yake yalikuwa yanang'aa. "Jamani, tunahangaika nini? Kompyuta si tunayo?" akasema, akamwekea Kitwana mkono begani.

Kufikia Jumatano ukuta wa nyuma ulikuwa umezibwa kwa pazia lenye picha ya bendera. Katikati ya chumba liliwekwa boksi la plaiwudi lenye ukubwa wa kabati, limepakwa rangi ya fedha, na mbele limekatwa tundu likawekwa kioo cha kabati la vyombo. Nyuma ya kioo angekaa Kitwana na manila zake. Kitufe kilikuwa kifuniko cha kopo la rangi, chekundu, kilichofungiwa kamba iliyopita chini hadi kwenye kidole gumba cha mguu wa Kitwana.

Ofisa Itifaki wa wizara alikuja kukagua. Akaridhika na kila kitu ila kimoja: ratiba ilihitaji mwananchi wa kawaida mmoja, mwenye shida ya kweli lakini si kubwa, aliyevaa vizuri lakini si sana, wa kubonyeza kitufe baada ya Mheshimiwa.

"Mama yangu," Kalunde alisema haraka. Atakuja kwa gari la chuo, alifikiri, atakaa pale mbele, atasikia watu wananipigia makofi.

"Shida yake?"

"Anamtafuta daktari wa macho wa wilaya."

"Safi kabisa. Hiyo inajibika." Ofisa akamgeukia Dakta, naye Dakta akamvuta Kalunde pembeni.

"Sikiliza, binti. Ile nafasi moja, anayeisaini ni Mheshimiwa mwenyewe. Miaka kumi ya uzoefu ataisamehe kwa kalamu. Onyesho likienda vizuri ni yako. Jambo moja tu: jibu liwe YUPO."

"Lakini Dakta, hayupo."

"Najua hayupo! Nchi nzima inajua hayupo! Ndiyo maana tunahitaji mfumo."

Jioni ile Kitwana alikuwa ndani ya boksi akijaribu kukunja miguu. "We Kalunde," akasema kupitia tundu, "si wewe uliyetufundisha kompyuta haisemi isichokijua?"

"Kitwana, ndugu yangu. Nikipata kazi nitapata ile barua. Ni uongo wa siku moja."

"Na mama akisikia yupo, Jumatatu hatarudi kule?"

Kalunde alimpa manila mbili, zote ameziandika mwenyewe kwa sentensi nzima kama kawaida yake. Moja ilisema DAKTARI WA MACHO WA HOSPITALI YA WILAYA YUPO. Nyingine ilikuwa ya tangu mwaka wa tatu. "Ya pili usiitumie," akasema.

"Sasa unanipa ya nini?"

"Kompyuta haiulizi, Kitwana."

*

Alhamisi watu walianza kupangwa juani saa moja. Mheshimiwa Makeke alishuka garini saa nane, mchangamfu, tumbo limetangulia, mkono unapunga. Mkasi ulikuwa mpya, kwa hiyo ulizinduliwa kwanza. Kisha ukakata utepe, na Mzee Sudi akageuka ukutani akalia kama aliyefiwa.

Mheshimiwa akaingia, akasimama mbele ya boksi, kipaza sauti mkononi, mlango umeachwa wazi ili uwanja mzima uone.

"Ndugu wananchi! Itifaki imezingatiwa. Mimi nilipokuwa mtoto hatukuwa na vitufe. Tulikuwa na nini? Tulikuwa na kiu! Tulibonyeza tope, tope halikujibu. Tulibonyeza maembe, yakaoza. Leo, chini ya Serikali yenu sikivu, mwananchi anabonyeza na anajibiwa! Kuna wenye wivu wanaosema Serikali haijibu. Nawauliza: mmebonyeza?"

"Hatujabonyezaaa!" vijana wenye fulana za wizara waliitika.

Alibonyeza kwanza yeye. Ndani ya boksi kidole gumba kilivutwa, pakasikika "aah" ndogo, na nyuma ya kioo ikapanda manila: KARIBU SANA MHESHIMIWA. Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Mheshimiwa akainama karibu na kioo.

"Naona skrini ina vidole."

"Ndiyo toleo jipya, Mheshimiwa," alisema Dakta Shekiondo, jasho likimtiririka kwenye tai. "Zile za zamani zilihitaji vidole vya mtumiaji."

Bi Nyamizi akaletwa, ameshikwa mkono, amevaa kitenge chake cha harusi. Mkono wake ukaongozwa hadi kwenye kifuniko chekundu. Mshereheshaji akalisoma lile swali kwa sauti ya mahubiri: je, daktari wa macho wa hospitali ya wilaya yupo? Bi Nyamizi akabonyeza taratibu, kama anayejaribu kama uji umepoa.

Manila ikapanda. DAKTARI WA MACHO WA HOSPITALI YA WILAYA YUPO.

Makofi, tarumbeta, kamera. Mheshimiwa akainua mikono yote miwili. Ni Bi Nyamizi peke yake aliyebaki ameinamisha kichwa kwenye kioo, anasubiri. Kisha akageuka kule alikodhani bintiye amesimama.

"Limesemaje, mwanangu? Mimi sioni."

Mheshimiwa, kwa kuwa alikuwa na moyo wa huruma mbele ya kamera, akampelekea Kalunde kipaza sauti. "Mwambie mama. Mwambie taifa!"

Tatizo halikuwa kubwa. Neno moja la silabi mbili. Kwenye manila alikuwa ameliandika bila kutetemeka, wino mzito, herufi kubwa. Miaka minne alikuwa amejifunza skrini, akasahau kitu kimoja: mtumiaji wake wa kwanza hakuweza kuisoma. Sasa mama alikuwa amemgeuzia yale macho yenye ukungu, ameyafumbua kwa nguvu, kama mtu anayetaka angalau kuona sauti inatoka wapi.

"Hayupo, mama," Kalunde alisema.

Tarumbeta moja iliendelea kidogo, kisha nayo ikanyamaza.

"Hayupo. Alihamishwa miaka mitatu sasa. Chumba chake wanaweka mabati. Jumatatu zote zile walikudanganya, na mimi leo nilitaka kukudanganya. Nisamehe, mama. Usiende tena."

Dakta Shekiondo alishika nguzo. Ofisa Itifaki alianza kutafuta kwenye ratiba kipengele cha kuzimia. Mheshimiwa Makeke akageuza shingo polepole kutoka kwa Kalunde kwenda kwenye kioo, ambako neno YUPO lilikuwa bado linang'aa.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ndani ya boksi Kitwana alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa kompyuta kwa miaka minne, hakuwahi kutoa jibu bila kubonyezwa. Siku ile hakubonyezwa na mtu. Vidole vikaonekana, manila ya kwanza ikashuka, ikapanda ya pili: DAKTARI WA MACHO WA HOSPITALI YA WILAYA HAYUPO.

Mheshimiwa akaisoma mara mbili. Mtu hawi waziri miaka kumi na tisa bila kujua upepo unaelekea wapi.

"Mmeona!" akanguruma. "Mtambo unaojirekebisha wenyewe! Ndugu wananchi, zamani mama huyu alitembea Jumatatu ngapi?"

"Thelathini na moja," alisema Bi Nyamizi.

"Thelathini na moja! Leo, kwa sekunde tatu, ameketi mjini, Serikali yake imemwambia waziwazi kwamba huduma hakuna! Kama haya si maendeleo, maendeleo ni nini?"

Uwanja ukalipuka mara ya pili, kuliko mara ya kwanza. Mheshimiwa alikuwa na desturi ya kutia sahihi kila alichokizindua. Amewahi kusaini madaraja, visima na ng'ombe mmoja wa mradi. Akaagiza skrini itolewe. Boksi likafunguka kidogo, mkono ukaitoa manila nje, na Mheshimiwa akaisaini chini ya neno HAYUPO kwa mbwembwe. Katibu wake, aliyebeba mhuri wa wizara kwenye mkoba popote waendapo, akaugonga.

Kalunde akautazama ule mhuri. Uthibitisho wa maandishi. Kutoka kwa mwenye mamlaka. Akasogea hatua moja mbele.

"Mheshimiwa, na tarehe, tafadhali. Nitashukuru."

Aliisema kwa toni ya tatu, ile ya vyeo vya juu. Mheshimiwa akaandika tarehe.

*

Wiki iliyofuata karani wa Hospitali ya Taifa aliipima ile manila kwa rula, akaigeuza nyuma, akaisoma tena, akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa akausoma Waraka Namba Kumi na Saba mwanzo hadi mwisho kutafuta pa kuikatalia. Hakupaona. Kasoro yake pekee ilikuwa kwamba haikuingia kwenye faili, wakaikunja mara nne. Bi Nyamizi akapasuliwa jicho moja Jumanne na la pili mwezi uliofuata.

Mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Dakta Shekiondo akawa Profesa. Mzee Sudi akapandishwa cheo, maana ukuta wa nyuma umejengwa upya na mlango umefungwa utepe wa awamu ya pili. Mfumo ulisambazwa wilaya zote na ukasifiwa kwa usahihi: ulijibu HAYUPO kila mahali, na kila mahali ulisema kweli. Ile nafasi moja ilibadilishwa jina ikawa Kompyuta Mkuu Daraja la Pili, akapewa Kitwana, aliyeomba radhi kwa Kalunde siku tatu mfululizo mpaka Kalunde akamtukana kwa upendo aende kazini. Ana likizo, ana pensheni, na akienda msalani nchi nzima hutangaziwa kwamba mtandao uko chini.

Kalunde aliletewa barua. Ilimshukuru kwa kuonyesha nia, ikasikitika kwamba hakuwa na uzoefu wa miaka kumi, ikaongeza kwa kalamu pembeni kwamba alionekana kujibu swali mbele ya umma bila kuelekezwa.

Aliisomea nyumbani, barazani. Mama yake aliichukua kutoka mkononi mwake, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaisoma mwenyewe hadi sahihi. Kisha akaikunja akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza.

Jirani yao, Mama Pili, alikuwa amepita kuomba moto. "Jamani Nyamizi, macho yamerudi! Na huyu binti, ile redio yake kaimaliza?"

"Hakusomea redio," alisema Bi Nyamizi. "Hata mimi nilikuwa sijaelewa. Amesomea kuwajibu watu wanapouliza."

"Hee! Miaka minne?"

"Miaka minne."

Mama Pili alifikiri sana, kaa la moto linafuka kwenye kigae. "Sasa si angepata kazi kubwa huko serikalini?"

Bi Nyamizi akamtazama bintiye, akamtazama vizuri, uso mzima, kama aliyekuwa na deni la kumtazama.

"Nao huko," akasema, "nani aliyekuambia wanataka tujibiwe?"